Kutotolesha Mayai ya Kuku kwa Mashine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wafugaji wa kuku wa kienyeji na chotara wanaotumia mashine ndogo, kuanzia za mayai 30 hadi mia chache, katika mazingira ambayo umeme hukatika, nyumba nyingi ni za bati, na hali ya hewa ya Tanga haifanani kabisa na ya Dodoma. Yai la kuku hutotolewa kwa siku 21, na mashine haiwezi kuongeza chochote katika yai lililoingia likiwa dhaifu. Kwa hiyo maswali ya kwanza yanahusu mambo yanayotokea kabla mashine haijawashwa, kwa kuwa hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Mayai ya kutotolesha yatoke wapi? Je, ya dukani yanafaa?

Mayai ya kisasa yanayouzwa kwa trei madukani hutoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo, hivyo hayana mbegu na hayatatotolewa hata yakikaa katika mashine bora kuliko zote. Yanayotakiwa ni mayai ya kundi lenye jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10, jogoo mwenye afya, asiye mzee wala mnene kupita kiasi, na asiye ndugu wa matetea anaowapanda. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili au zaidi baada ya kupandwa. Kwa sababu hiyo, mtu anayebadilisha jogoo ili kuboresha mbegu, kwa mfano anapoleta jogoo wa aina ya kuchi, asubiri takriban wiki tatu kabla ya kuyahesabu mayai kuwa ni ya jogoo mpya.

Lishe ya wazazi ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kuku anayekula pumba tupu ataendelea kutaga, lakini yai lake litakuwa na upungufu wa vitamini na madini ambayo kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika ndani ya yai, hakitayapata mahali pengine, na matokeo yake ni vifaranga kufia ndani au kutoka wakiwa na miguu iliyopinda. Zaidi ya hayo, yapo magonjwa yanayopita kutoka kwa mama kwenda kwenye yai, hasa kuhara nyeupe kwa vifaranga na homa ya matumbo ya kuku. Ukinunua mayai kwa jirani, ulizia afya ya kuku wake kabla ya kuulizia bei.

Je, naweza kutotolesha mayai ya Kuroiler au Sasso niliowanunua wakiwa vifaranga?

Yatatotolewa vizuri ikiwa kuna jogoo, ila usitarajie watoto wafanane na wazazi. Kuku hao ni chotara waliopatikana kwa kuchanganya koo maalumu, na kizazi kinachofuata hutawanyika: wengine hukua haraka, wengine hudumaa. Kwa chakula cha nyumbani hilo linavumilika. Kuuza vifaranga hao kwa jina la Kuroiler au Sasso halisi ni kumdanganya mnunuzi.

Mayai yahifadhiwe vipi kabla ya kuingizwa, na kwa siku ngapi?

Yakusanywe mara mbili au tatu kwa siku, yawekwe kwenye trei ncha iliyochongoka ikiwa chini, mahali penye giza na ubaridi. Joto zuri la kuhifadhia ni nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi. Jokofu la kawaida ni baridi mno, na chumba cha Pwani chenye nyuzi 29 ni moto mno, kwa sababu joto likizidi nyuzi 21 hivi kiinitete huanza kukua polepole na kwa udhaifu, kisha hufa. Kwa wakazi wa Lushoto, Njombe au Limuru chumba chochote chenye kivuli kinaweza kutosha. Wa Dar es Salaam na Mombasa wanapaswa kufupisha muda wa kuhifadhi badala ya kupambana na joto, yaani waingize mayai ya siku tatu au nne tu.

Katika hali nzuri, siku saba ndiyo mpaka wa usalama. Baada ya hapo kila siku inayoongezeka hupunguza idadi ya vifaranga na kuchelewesha kutotolewa. Chagua mayai ya ukubwa wa kati, yenye umbo la kawaida na ganda zima lisilo na ufa. Yaliyotoka kwenye chumba cha baridi yaachwe katika joto la kawaida kwa saa kadhaa kabla ya kuingizwa, ili yasitoke jasho, maana unyevu juu ya ganda huvuta vijidudu ndani.

Je, mayai machafu yaoshwe?

Afadhali yasioshwe. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo vya kupitishia hewa, na juu yake pana utando mwembamba unaozuia vijidudu. Maji huondoa utando huo. Tena yai likitumbukizwa kwenye maji ya baridi, kilichomo ndani husinyaa na kuvuta uchafu kupitia vitundu hivyo. Uchafu mdogo mkavu uondolewe kwa kusugua taratibu, na yai lililopakaa kinyesi liende jikoni. Tiba ya kudumu ni viota safi vyenye nyasi kavu zinazobadilishwa mara kwa mara. Viwanda vikubwa hufukiza mayai kwa gesi ya formalini, lakini gesi hiyo ni sumu kali kwa macho na mapafu, na haina nafasi kabisa ndani ya nyumba wanamolala watu.

Mashine iwekwe wapi?

Iwekwe katika chumba ambacho joto lake halibadiliki sana kati ya mchana na usiku, mbali na dirisha linaloingiza jua na mbali na moshi wa jiko. Chumba cha bati kisicho na dari ni hatari ya kweli: saa nane mchana kinaweza kufikia nyuzi 36 au zaidi, na mashine inayojua kupasha tu haina njia ya kupoza. Hewa safi nayo ni lazima, kwa sababu mayai yanapumua, na mahitaji yao huongezeka sana katika wiki ya mwisho.

Joto sahihi ni lipi, na kwa nini mashine inaonyesha namba sahihi lakini vifaranga hawatoki?

Kwa mashine yenye feni, joto ni nyuzi 37.5 hadi 37.8 tangu mwanzo, na linaweza kushushwa kidogo siku tatu za mwisho. Kwa mashine isiyo na feni, ambamo hewa ya moto hupanda juu, joto hupimwa usawa wa sehemu ya juu ya mayai na linapaswa kuwa karibu nyuzi 38.5 hadi 39.

Namba iliyo kwenye kioo cha mashine haitoshi kuaminiwa. Kihisio, yaani kifaa kinachopima joto ndani, cha mashine za bei nafuu huweza kukosea kwa nyuzi nzima, na nyuzi moja kwa siku 21 inatosha kuharibu mzunguko mzima. Nunua kipimajoto cha pembeni na ukihakiki: jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto baada ya dakika chache, kinapaswa kusoma sifuri. Ikiwa kinasoma 1, basi punguza 1 katika kila usomaji. Kisha washa mashine siku moja nzima bila mayai, hamisha kipimajoto pembe zote na katikati, na uone wapi kuna joto zaidi. Mayai yanayokaa pembe yenye baridi yatachelewa, nayo ndiyo chanzo cha malalamiko kwamba vifaranga wanatoka kwa siku tatu mfululizo.

Ukipungukiwa joto kidogo, vifaranga hukawia hadi siku ya 22 au 23. Joto likizidi kidogo, hutoka siku ya 19 au 20 wakiwa wadogo, wenye vitovu visivyofunga. Likizidi sana, yaani zaidi ya nyuzi 40 kwa saa kadhaa, hufa. Kupungua kunasameheka kuliko kuzidi, na jambo hilo likumbukwe kila mtu anapotaka kugusa kirekebishaji cha joto.

Unyevu uwe kiasi gani? Kila mtu ananipa namba yake.

Namba za kawaida ni asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, na 65 hadi 70 kwa siku tatu za mwisho. Watu hutofautiana kwa sababu wanaishi mahali tofauti, na kwa sababu unyevu ni njia tu ya kufikia jambo lingine: yai linatakiwa kupoteza maji kiasi cha asilimia 12 au 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Maji yanayotoka ndiyo yanayoacha nafasi ya hewa kwenye upande mpana wa yai, na kifaranga huhitaji nafasi hiyo apate pumzi zake za kwanza kabla ya kutoboa ganda. Yai likipoteza maji kidogo mno, kifaranga huvimba, hukosa nafasi ya kujigeuza, na hufa akiwa amelowa. Likipoteza mengi mno, utando hukauka na kumnata.

Sasa tazama hewa yenyewe. Tuchukue hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Ikiingia ndani ya mashine na kupashwa hadi 37.5 bila kuongezewa tone la maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 47 hivi, na pumzi ya mayai huongeza kidogo. Mfugaji wa Pwani anayejaza mabeseni yote mawili kwa sababu kijitabu cha mashine kimesema hivyo huwazamisha vifaranga wake. Kwake beseni dogo, au siku nyingine hata bila maji, linatosha hadi siku ya 18. Chukua upande mwingine hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi, nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 45: ikipashwa hadi 37.5 hubaki na asilimia 23 tu, na hapo maji hayana budi kuwekwa tangu siku ya kwanza. Kinachoongeza unyevu ni upana wa uso wa maji. Kina chake hakisaidii. Sahani pana ina nguvu kuliko kopo refu, na kitambaa kinachoning'inia ndani ya maji huongeza zaidi.

Kwa hiyo ninasisitiza mizani kuliko kipimaunyevu. Weka alama ya penseli kwenye mayai 10 na uyapime kwa mizani ya jikoni. Yakiwa na gramu 450 siku ya kwanza, yanapaswa kuwa karibu gramu 430 siku ya 7, na karibu 395 siku ya 18. Yakiwa mazito kuliko hapo, punguza maji au fungua matundu ya hewa. Yakiwa mepesi, ongeza maji. Ukiondoa yai moja njiani, ondoa uzito wake katika hesabu ya mwanzo pia. Vipimaunyevu vya bei ndogo hukosea mara nyingi, ila unaweza kukihakiki chako kwa kukifungia ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo. Baada ya saa kadhaa kinapaswa kusoma asilimia 75.

Mayai yageuzwe mara ngapi?

Mashine yenye kigeuzi hugeuza kila saa moja au mbili kwa pembe ya nyuzi 45 kila upande. Kwa mkono, geuza mara tatu au tano kwa siku. Idadi isiyogawanyika kwa mbili hufanya yai lisikae upande uleule kila usiku. Andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, na unawe mikono kwanza. Bila kugeuzwa, kiinitete hunata kwenye utando na mishipa yake haienei vizuri; wiki ya kwanza ndiyo nyeti zaidi. Siku ya 18 kugeuza hukoma, kwa sababu kifaranga ameanza kujiweka sawa, kichwa kikielekea upande mpana.

Nikipima kwa tochi natafuta nini?

Siku ya 7, ndani ya chumba chenye giza, weka tochi kwenye upande mpana wa yai. Yai lenye kiinitete hai huonyesha doa jeusi lenye mishipa ya damu iliyotandaa kama mizizi. Yai lisilo na mbegu huwa jeupe lote, na kivuli cha kiini tu. Pete nyekundu ya damu isiyo na mishipa ni dalili ya kiinitete kilichokufa mapema, mara nyingi siku ya 3 au ya 4, kipindi ambacho ni kimojawapo kati ya viwili vya vifo vingi. Kingine ni siku ya 18 hadi 20. Mayai ya kahawia yenye ganda zito husumbua macho, hivyo ukiwa na shaka yarudishe na upime tena siku ya 10. Yai viza linalotoa harufu au jasho liondolewe siku hiyohiyo, kwa uangalifu, kwa kuwa likipasuka huchafua mayai yote.

Umeme ukikatika nifanye nini?

Inategemea umri wa mayai. Katika wiki mbili za kwanza, usifungue mashine, ifunike kwa blanketi, na ikiwa giza litaendelea, weka ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri bila kugusa mayai. Viinitete vichanga huvumilia kupoa kwa saa kadhaa. Vitachelewa kidogo, lakini vingi vitaishi. Katika wiki ya mwisho hatari hugeuka: vifaranga wakubwa huzalisha joto lao wenyewe na kutumia hewa nyingi, na feni ikisimama huku umezungushia mablanketi na kuziba matundu, hufa kwa kukosa hewa au kwa joto lililojikusanya. Hapo funika pande tu, matundu yabaki wazi, na uangalie kipimajoto.

Usiyatupe mayai kwa sababu ya usiku mmoja wa giza. Subiri siku mbili, kisha yapime kwa tochi. Mahali ambapo umeme haukai, betri yenye sola au mashine ya mafuta ya taa ni uamuzi wa busara kabla ya kununua mashine kubwa. Umeme wenyewe si sharti la kazi hii: Wamisri wametotolesha maelfu ya mayai tangu zama za kale katika majoko ya matofali ya udongo, wakipima joto kwa kugusisha yai kwenye kope ya jicho.

Mashine itanila umeme kiasi gani?

Soma wati zake. Mashine ya wati 80 inayowaka nusu ya muda itatumia takriban uniti 20 kwa siku zote 21.

Kifaranga ametoboa ganda tangu jana na hatoki. Nimsaidie?

Baada ya kutoboa, kifaranga anaweza kukaa saa 12 hadi 24 akipumzika. Wakati huo anavuta ndani ya tumbo kiini kilichobaki na damu iliyo kwenye utando. Anayemsaidia mapema hukata mishipa iliyo hai, na kifaranga huvuja damu hadi kufa. Kila unapofungua mlango kutazama, unyevu hutoroka na utando wa wenzake hukauka. Matatizo mengi ya siku ya 21 husababishwa na macho ya mwenye mashine. Zikipita saa 24 tangu tundu la kwanza na wenzake wote wametoka, lowesha utando kwa maji ya uvuguvugu na umenye ganda kidogo kidogo kuzunguka. Ukiona damu, acha mara moja.

Vifaranga wamefia ndani. Nitajuaje sababu?

Yavunje mayai yote ambayo hayakutotolewa, siku ya 22 au 23, nje ya nyumba, na uandike unachokiona. Kazi hii haipendezi, lakini ndiyo inayofundisha kuliko ushauri wa mtu yeyote, nao ni wachache mno wanaoifanya. Mengi yakiwa hayana mbegu, tatizo liko kwa jogoo au idadi ya matetea. Vifo vya siku za mwanzo huelekeza kwenye uhifadhi mbaya, mayai ya zamani au joto lililozidi mwanzoni. Vifo vya katikati ni vichache kwa kawaida. Vikizidi, tazama lishe ya wazazi, kugeuza, na uchafu. Vifaranga kamili waliokufa bila kutoboa, wakiwa wamelowa na kuvimba, ni ushahidi wa unyevu mwingi au hewa haba. Waliotoboa wakafa wakiwa wamenatwa na utando mkavu ni ushahidi wa ukavu. Kichwa kikiwa upande uliochongoka, yai lilikaa limepinduliwa.

Kiwango gani cha mafanikio ni kizuri?

Tofautisha hesabu mbili. Ukiingiza mayai 60, tisa yakawa hayana mbegu, na ukapata vifaranga 40, basi umepata asilimia 67 ya mayai yote lakini 78 ya mayai yenye mbegu. Hesabu ya kwanza inapima mradi mzima, ya pili inapima mashine na mwendeshaji wake. Kwa mashine ndogo, asilimia 75 hadi 80 ya mayai yenye mbegu ni kazi nzuri, na muuzaji anayeahidi asilimia 98 asisikilizwe.

Je, umbo la yai huonyesha jogoo au tetea?

Hapana. Umbo hutokana na mwili wa mama aliyetaga.

Naweza kuchanganya na mayai ya kanga, kware au bata?

Joto lao linakaribiana, siku hazilingani: kware 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, bata wa kienyeji wa kawaida 35. Ugumu ni siku tatu za mwisho, ambapo kundi moja linataka unyevu mwingi na utulivu huku jingine likitaka kugeuzwa, na manyoya ya waliototolewa huchafua mayai yaliyobaki. Ukiwa na mashine ya pili ndogo ya kumalizia, inawezekana. Ukiwa na moja, usichanganye. Sababu hiyohiyo inakataza kuongeza mayai ya kuku kila siku kadiri yanavyotagwa.

Vifaranga wakishatoka wakae ndani kwa muda gani, na nini kifuate?

Wasubiri hadi manyoya yakauke. Kiini walichokivuta huwatosha kwa siku mbili hadi tatu, kwa hiyo hakuna haraka ya kufungua kwa ajili ya mmoja, ila waliokauka wasiachwe kwenye joto zaidi ya siku moja. Bruda, yaani mahali pa joto pa kulelea vifaranga, iwe imepashwa mapema hadi nyuzi 32 hadi 35 kwa wiki ya kwanza, kisha ipunguzwe nyuzi 3 hivi kila wiki. Jiko la mkaa likitumika, moshi na hewa yenye sumu vipate pa kutokea. Wape maji kwanza, chakula baadaye.

Chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, hutolewa mwishoni mwa wiki ya kwanza. Kwa mfugaji mdogo, chanjo ya I-2 ya matone ya jicho inafaa sana kwa kuwa inavumilia joto kuliko nyingine, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo za magonjwa ya Gumboro na ndui zifuate kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo wa eneo lako.

Mashine nayo isafishwe siku hiyohiyo: toa maganda na manyoya, osha trei kwa sabuni, paka dawa ya kuua vijidudu, na iache wazi ikauke kabisa kabla ya kupokea mayai mengine.